Gurudumu Lisiloona Nyumbani Kwake

Saa chache kabla ya wageni kuingia ukumbini, fundi wa taa huwasha swichi kuu, kisha hukaa kimya akasikiliza. Vichwa vyote vilivyoning'inizwa juu ya jukwaa huanza kugeuka, kulia, kushoto, juu, chini, na ndani ya kila kimoja husikika mlio mdogo wa mota zikitafuta pa kuanzia. Baada ya muda mfupi kila kitu hutulia, isipokuwa taa moja. Ndani yake kuna kitu ambacho bado kinazunguka. Kinasimama, kinazunguka tena, halafu skrini ndogo ya ubavuni inaandika kwamba gurudumu la rangi lina kosa.

Hapo ndipo pesa huanza kupotea. Mkono wa kwanza huenda kwenye kihisi, au sensa kama wengi wanavyoiita: kinang'olewa, kipya kinatafutwa, kinalehemewa, na taa ikiwashwa tena gurudumu linazunguka vilevile. Sababu ni kwamba ujumbe ule haukusema kihisi kimekufa. Ulisema jambo dogo zaidi ya hilo: bodi ilisubiri ishara, na ishara haikufika. Kati ya gurudumu na bodi kuna sumaku, pengo la hewa, kihisi, waya tatu, plagi, kipinga kimoja na mguu mmoja wa chipu. Yeyote kati ya hao anaweza kuwa ndiye aliyenyamaza.

Ili kumpata, ni lazima kwanza kuelewa gurudumu lenyewe linajuaje lilipo.

Rangi ndiyo iliyozaa taa za aina hii. Mwaka 1980, wahandisi wa kampuni ya Showco ya Dallas, Marekani, walikuwa wanatengeneza kifaa cha kubadilisha rangi ya taa kutoka mbali, wakitumia vioo vya dikroiki, yaani vioo vilivyopakwa matabaka membamba sana ambayo hupitisha rangi moja na kuzirudisha nyingine zilikotoka. Kwa kuwa havinyonyi mwanga usiotakiwa, vioo hivyo huvumilia joto ambalo lingeunguza karatasi ya rangi. Inasimuliwa kwamba wakiwa kwenye chakula cha mchana, mhandisi Jim Bornhorst alisema kuwa wakiongeza mota mbili tu, taa yenyewe itageuka. Bendi ya Genesis ya Uingereza ilivutiwa na kuweka fedha zake, na tarehe 25 Septemba 1981, katika uwanja wa mapambano ya mafahali mjini Barcelona, mfumo huo uliopewa jina la Vari-Lite ulionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza. Wazo la rangi lilitangulia, mwendo ukafuata.

Taa inayoonekana sana siku hizi kwenye harusi, makanisani na kwenye matamasha ni ndogo na ya bei nafuu zaidi: taa ya biimu yenye balbu ya 7R ya wati 230. Kwa kawaida gurudumu lake lina vioo 14 vya rangi na tundu moja tupu la kupitisha mwanga mweupe. Jumla ni nafasi 15. Gurudumu zima ni nyuzi 360, kwa hiyo kila nafasi inachukua nyuzi 24. Namba hiyo 24 inafaa kukumbukwa, maana itakuja kufichua mengi.

Kinachozungusha gurudumu ni mota inayokwenda kwa hatua. Mota za aina hii nyingi hukamilisha mzunguko mmoja kwa hatua 200, kila hatua nyuzi 1.8. Ukigawanya, nafasi moja ya rangi ni hatua 13 na theluthi, ndiyo maana bodi hulazimika kukata kila hatua vipande vidogo zaidi ili kioo kikae katikati ya mwanga. Uzuri wa mota hii ni kwamba inatii hesabu. Ubaya wake ni kwamba haina macho. Bodi inahesabu mapigo ya umeme iliyotuma, wala haina njia ya kujua kama gurudumu limekwenda kweli. Likikwama kidogo, hesabu inaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo kila taa ikiwashwa, gurudumu hupelekwa nyumbani kwanza. Linazungushwa hadi sumaku ndogo iliyobandikwa juu yake ipite mbele ya kihisi kilichofungwa kwenye fremu. Bodi ikiiona, huchukua mahali hapo kuwa sifuri, kisha huongeza hatua kadhaa zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu ili tundu jeupe liketi mbele ya balbu. Kuanzia hapo kila rangi inatafutwa kwa kuhesabu kutoka nyumbani. Gurudumu halijui nyekundu wala kijani, linajua sehemu moja tu. Sehemu hiyo isipoonekana, bodi hulizungusha mara kadhaa, hukata tamaa, na ujumbe wa kosa hutokea.

Kihisi chenyewe ni kitu cha kushangaza kwa udogo wake, kipande cheusi chenye miguu mitatu kisichozidi punje ya mchele kwa unene. Kinafanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore: umeme unaopita kwenye bamba jembamba husukumwa pembeni sumaku inapokaribia, na volti ndogo hujitokeza kwenye kingo za bamba. Ndani ya kipande hicho volti hiyo hukuzwa na kugeuzwa kuwa jibu la ndiyo au hapana. Mguu mmoja hupokea volti 5, wa pili ni hasi, wa tatu ni wa ishara.

Mguu wa tatu ndio unaowapotosha wengi. Katika vihisi vya aina hii, mfano A3144 na jamaa zake, mguu wa ishara hauwezi kutoa volti. Unaweza tu kuishusha. Volti 5 zinazoonekana pale hutoka kwenye kipinga kilichopo kwenye bodi, na kihisi kinapoiona sumaku huzivuta hadi karibu na sifuri. Fundi anayekitoa kihisi, akakipa umeme mezani na kupima mguu wa ishara bila kuweka kipinga, hatasoma chochote cha maana, na kihisi kizima kitatupwa kwenye ndoo ya taka.

Kabla ya kifuniko chochote kufunguliwa, yapo mambo ya kuzingatiwa kwa uzito wake. Umeme uchomolewe kabisa. Kwenye laini ya volti 230, kapasita za sehemu ya kulishia umeme zinaweza kubaki na takriban volti 325 za mkondo mnyoofu hata baada ya plagi kutoka ukutani, kwa hiyo zipewe muda wa kuisha. Balbu ya 7R ina gesi yenye mgandamizo mkubwa, ikiwa ya moto inaweza kupasuka, na mwanga wake una miale inayoumiza macho na ngozi. Ipoe kwanza. Taa nyingi zinaruhusu balbu kuzimwa kwenye menyu huku mota zikiendelea kufanya kazi, na karibu uchunguzi wote wa gurudumu unaweza kufanyika hivyo, bila balbu kuwaka.

Swali la kwanza halihitaji hata bisibisi. Je, kuna ujumbe wa kosa, au ni rangi tu zisizolingana na zilizoombwa kwenye meza ya kuongozea? Haya ni magonjwa mawili tofauti. Taa za biimu za kundi hili mara nyingi huwa na mpangilio wa chaneli 16 au 20, na taa iliyowekwa mpangilio mmoja huku meza ikidhani ni mwingine itatoa rangi za ajabu ilhali gurudumu lake ni zima kabisa. Riseti, yaani safari ile ya kutafuta nyumbani, ikipita bila malalamiko na rangi zikija safi kutoka kwenye menyu ya taa yenyewe, hakuna sababu ya kuifungua.

Swali la pili ni la sikio na jicho. Wakati wa riseti, gurudumu linafanya nini? Likizunguka vizuri, raundi nzima nzima, kisha kosa likatokea, mota na umeme wake vimejitetea, na kesi inabaki upande wa kuona. Likitetemeka mahali pamoja bila kwenda popote, shaka inaangukia koili za mota au bodi inayoziendesha. Mota hizi zina koili mbili na waya nne, na umeme ukiwa umezimwa, multimita inapaswa kusoma ukinzani unaolingana kwenye koili zote mbili. Koili moja ikiwa haisomi, kuhangaika na kihisi ni bure. Na gurudumu likiwa halisogei kabisa, lizungushwe kwa kidole taratibu. Kioo kilicholegea kwenye kishikizo chake na kugusa gurudumu la pili ni kosa ambalo hakuna kipimo cha umeme kitakacholiona.

Tuseme basi ni kisa cha kwanza: gurudumu linazunguka vizuri na nyumbani hakuonekani. Hapa ndipo ilipo hila bora kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyosahaulika. Ndani ya taa ileile mna gurudumu jingine, la michoro, yaani gobo, lenye kihisi cha aina hiyohiyo na mara nyingi plagi ya umbo lilelile. Umeme unazimwa, plagi za vihisi na za mota za magurudumu hayo mawili zinabadilishana nafasi kwenye bodi, umeme unawashwa. Kosa likihamia kwenye gobo, tatizo liko upande wa gurudumu la rangi: sumaku, kihisi au waya wake. Kosa likibaki kwenye rangi, bodi ndiyo isiyosikia. Kwa dakika 5 na bila kununua chochote, nusu ya washukiwa wameachiwa huru. Kuzima umeme kwanza si adabu tu: plagi ya mota ikichomolewa huku mkondo ukipita, koili hutupa volti kali nyuma na chipu ya kuendeshea inaweza kufa, na hapo kosa moja limekuwa mawili.

Chukulia kosa limehama. Sasa multimita inaingia. Plagi ya kihisi ikiwa mahali pake na taa ikiwa imewashwa kwa mota tu, ncha nyeusi inawekwa kwenye hasi na nyekundu kwenye mguu wa kwanza. Zikipatikana volti 5, kihisi kinalishwa. Nyekundu inahamia kwenye ishara: zinapaswa kuwepo karibu volti 5 tena. Kisha gurudumu linazungushwa pole kwa mkono. Sumaku ikipita, usomaji unapaswa kuanguka. Usipoanguka, fundi mzoefu hafiki kwenye chuma cha kulehemu bado. Anatoa mfukoni sumaku ndogo na kuisogeza mbele ya kihisi, kwanza upande mmoja, kisha anaigeuza na kuleta upande wa pili.

Kugeuza huko ndiko kunakotatua visa vingi vyenye mafumbo. Vihisi vingi vya aina hii huitikia ncha moja tu ya sumaku, ile ya kusini, inapotazama uso wenye maandishi. Ncha ya kaskazini ikiletwa, kihisi hukaa kimya kana kwamba hakuna kitu. Sasa fikiria historia ya taa yenyewe: imepakiwa kwenye lori, imetikiswa barabara nzima, sumaku imebanduka na kudondoka ndani ya kifuniko. Mtu akaiokota na kuibandika tena palepale kwa gundi, kazi safi kabisa kwa macho. Akaibandika chali. Tangu siku hiyo taa hiyo hununuliwa vihisi vipya, na kila kipya kinashindwa kama kilichotangulia, kwa sababu sumaku inavionyesha kisogo. Kihisi kikiitikia sumaku ya mfukoni lakini hakiitikii ya kwenye gurudumu, jibu limepatikana: imegeuzwa, imehama, au imedhoofika.

Kudhoofika si nadharia. Sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu moja kwa moja joto likizidi takriban nyuzi 80 za Selsiasi, na gurudumu la rangi linaishi sentimita chache tu kutoka kwenye mwanga mkali. Feni ikijaa vumbi, joto hilo si la kufikiriwa tena. Gundi ya kukausha haraka inayouzwa kila duka nayo hulegea karibu na kiwango hichohicho, kwa hiyo anayebandika sumaku kwa gundi hiyo anaandaa kosa lijalo. Epoksi inayovumilia joto ndiyo inayofaa. Umbali nao una ukali wake: uga wa sumaku ndogo hupungua kwa kasi mno, kiasi kwamba ikiwa tayari iko mbali kidogo na pengo likaongezeka mara mbili, nguvu inayofika kwenye kihisi inaweza kushuka hadi karibu moja ya nane. Kibati cha kihisi kilichopinda milimita moja wakati wa kubadilisha balbu kinatosha kabisa kuleta ujumbe wa kosa.

Kundi la pili la malalamiko halina ujumbe wowote. Taa inapita riseti, lakini rangi zinakuja nusunusu, upande mwekundu na upande mweupe, kama chapati iliyoiva upande mmoja. Hapa namba 24 inarudi kazini.

Mota ya hatua ikizidiwa nguvu haipotezi hatua moja moja ovyo. Mpangilio wa koili zake hujirudia kila baada ya hatua 4, kwa hiyo ikiteleza hudakwa tena mahali pengine panapofanana, hatua 4 mbele au nyuma, ambazo ni nyuzi 7.2. Weka hizo juu ya nafasi ya nyuzi 24 na unapata asilimia 30, karibu theluthi ya rangi moja. Maana yake ni kwamba mtelezo wa mota una saini. Gurudumu lililokosea kwa theluthi hivi, au kwa theluthi mbili baada ya kuteleza tena, limepoteza hatua: kuna msuguano, kuna kioo kinachogusa, bushi imekauka, au mkondo wa mota ni mdogo. Kosa la sehemu ndogo sana ya rangi, ambalo halibadiliki kamwe, kwa kawaida halitoki kwenye mtelezo. Linatoka kwenye nyumba yenyewe: sumaku imehama kidogo, au namba ya sahihisho kwenye kumbukumbu si ile ya gurudumu hili.

Riseti inakamilisha ushahidi. Rangi zikinyooka baada ya riseti kisha zikaharibika katikati ya onyesho, ni hatua zilizopotea. Zikiwa zimepinda kwa kiasi kilekile kila baada ya riseti, ni sumaku au sahihisho. Zikipinda kwa kiasi tofauti kila mara, mkono uende kwenye skrubu ndogo isiyo na kichwa inayobana gurudumu kwenye mhimili wa mota. Ikilegea, gurudumu huteleza juu ya mhimili wakati wowote linapoanza au kusimama ghafla. Inakazwa kwa kifunguo cha L na tone la gundi ya kuzuia skrubu kulegea, na mara nyingi hiyo ndiyo kazi nzima.

Yanayochosha zaidi ni makosa ya kuja na kuondoka. Taa asubuhi ni nzima, saa tatu usiku ni mgonjwa. Mawili huulizwa: joto na mkao. Kiungo cha risasi kilichopata ufa hushika kikiwa baridi na kuachia chuma kikitanuka. Mtu akigusa kwa upole waya na plagi kwa kijiti cha plastiki, ishara huruka palepale penye ufa. Mkao ni hila ya riseti tena: riseti ifanyike kichwa kikitazama juu, kisha chini, kisha pembeni. Katika taa ambazo bodi iko kwenye mkono au kitako, waya za kihisi hupita kwenye egemeo la kichwa na kukunjwa kila taa inapoinama. Zikikatika ndani ya ganda, kwa nje hazionyeshi jeraha. Kosa likitokea kwenye mkao mmoja tu, mara nyingi kihisi chenyewe hakihusiki. Pwani huongeza shida yake: hewa ya chumvi hutia kutu kwenye pini za plagi, na wakati mwingine kuichomoa na kuirudisha mara tatu ndiko kunakoiponya taa, kwa muda.

Taa chache hutumia kihisi cha mwanga badala ya sumaku, taa ndogo ya miale isiyoonekana ikitazamana na jicho lake kwenye mwanya. Hicho ndicho kinachoziba kwa vumbi na mabaki ya moshi wa jukwaani, na husafishwa kwa pamba yenye spiriti. Kikifanya kazi balbu ikiwa imezimwa na kushindwa ikiwashwa, mwanga wa balbu unapenya hadi kwenye jicho lake na kinga yake imetoka mahali pake. Kihisi cha sumaku hakijali vumbi hata kidogo, kwa hiyo kukipulizia hewa kwa nusu saa ni kazi njema inayofanywa mahali pasipohusika.

Sumaku ikishabandikwa, ncha ya kusini ikitazama uso wa kihisi na epoksi ikikauka, kazi inabaki na sehemu ambayo haraka za ukumbini huwafanya wengi wairuke. Sumaku haikurudi mahali pake pa kiwandani kwa usahihi wa nusu nyuzi, hivyo nyumba mpya iko pembeni kidogo ya ile ya zamani, na sahihisho kwenye menyu linapaswa kuandikwa upya: balbu inawashwa kifuniko kikiwa kimefungwa, taa inaelekezwa ukutani kwenye tundu jeupe, namba inapandishwa na kushushwa hadi rangi za jirani zitoweke sawia kushoto na kulia. Kisha taa inaachwa iwake kwa saa nzima mpaka ipate joto la kazi. Inariseti ikitazama juu, inariseti ikitazama chini, inazungushwa rangi zote kwa kasi kubwa kabisa kwa dakika kadhaa na kurudishwa nyeupe. Fundi anatazama ukuta, si skrini. Duara likirudi jeupe hadi ukingoni, bila ukucha wa nyekundu upande mmoja, taa inapandishwa juu na kufungiwa kamba yake ya usalama.